Pingamizi la Mzee Brashi

4 Februari

Kwa binti yangu, Bi Mitambo,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha, kwa hiyo naitikia kabisa tusipotezeane muda. Mimi mzima. Magoti yanalia kama bawaba kavu, masikio ndiyo yale yaliyostaafu kabla yangu, ila chakula kinashuka na usingizi unakuja. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Bado wanakulaza kwenye kontena kando ya jenereta? Usinijibu "sijambo" tu kama mtoto wa shule. Nataka habari zenye nyama.

Haya, tafuta pa kukaa. Wiki iliyopita walikuja vijana wa kupima barabara. Vizibao vya rangi ya chungwa, chombo chao cha miguu mitatu, na mmoja ameshika kopo la rangi ya kupuliza. Mimi nilikuwa ndani nanyoa ndevu. Natoka nje nakuta wameshanichorea alama nyekundu ya mkasi na namba juu yake, chini ya dirisha la chumba tulicholala mimi na marehemu mama yako. Hata hodi hawakupiga! Au walipiga nikakosa kusikia, lakini mtu na akili zake akiona haitikiwi si anangoja? Ukuta ule nimeupaka kwa mkono wangu, laini kama sahani. Na rangi yao yenyewe, jamani! Imechuruzika mpaka kwenye msingi. Kama ni kuniharibia, si wangeniharibia kiufundi.

Mama Cherehani alivuka kutoka kwake ng'ambo, utepe wa kupimia bado uko shingoni, akanieleza kwa kunipigia kelele sikioni. Ni barabara kuu mpya. Itapita juu ya mtaa wetu wote, kuanzia kwa Kinyozi kule mwanzoni mpaka kwangu hapa kwenye kona. Kila nyumba imepewa alama yake.

Mimi sitoki ng'o. Watasema tutalipwa fidia. Sawa, matofali yanalipika. Lakini nani atanilipa majirani? Fikiria mwenyewe. Asubuhi Mama Cherehani hagongi mlango, anajua ni kazi bure. Anapunga mkasi wake dirishani hadi nimwone, ndipo anajua mzee kaamka. Mchana Kinyozi analeta ubao wa drafti, ananiibia kete nikiinamia kikombe, tunagombana kwa vidole. Mtaa mzima unajua kunigusa bega kabla ya kunisalimia. Mtu asiyesikia, mwanangu, haanzi mtaa mpya akiwa na umri wangu. Huko watanisalimia nisiitikie, leo na kesho na keshokutwa, basi nitaitwa mzee mwenye maringo, na hapo nimekwisha.

Kwa hiyo nimeandika pingamizi kwa wakubwa wa barabara. Waipitishe kule nyuma kwenye uwanja wa taka, nafasi ipo tele. Majirani wote wametia saini, hata Kinyozi ambaye saini yake ni kama mdudu aliyekanyagwa. Wewe ndiye mtu wa barabara kwenye ukoo huu. Niambie la kufanya, na unijibu upesi kabla sijapasuka.

Nakuombea kila siku.

Baba yako,
Mzee Brashi


22 Februari

Mwanangu Bi Mitambo,

Salamu zangu zipokee mbio mbio, na afya yako nitaiuliza mwishoni, maana nina jambo linaniwasha. Najua jibu lako lingali njiani. Huko kwenu mtandao hakuna, na hata ungekuwepo, simu kwangu ni jiwe tu. Lakini raha kama hii siwezi kuila peke yangu.

Nimezifuta! Zote, mtaa mzima!

Ilikuwa hivi. Kila nikikaa barazani ile alama inanitazama. Nikaona hapana, fundi rangi mzima nakaa nadharauliwa na kopo la kupuliza? Ukuta, binti yangu, rangi ya juu ndiyo inayosema. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mtu anahamia nyumba, mambo ya mpangaji wa zamani nayazika kwa mikono miwili ya rangi, na hakuna anayeuliza tena. Nikatoa brashi zangu, nikafuta yangu. Kinyozi akapita, akatafuta alama ilipokuwa, akapapasa kama kipofu, akakosa. Akanivuta mkono mpaka kwake.

Sasa kwa Kinyozi ndipo palipokuwa na kazi. Kijani chake kimeliwa na jua, ukipaka kijani cha dukani juu yake kinapiga kelele. Nikakitia chokaa kidogo, nikakitia unga wa mkaa, nikakipigapiga kwa sponji badala ya kukivuta kwa brashi. Kikaungana! Kwa Mama Cherehani ile rangi ya waridi iliyochoka ilinitoa jasho siku nzima. Watu walitoa viti nje kunitazama. Kinyozi alininyoa bure, akaninyanyua mkono juu kama bondia. Mama Cherehani alinipigia kelele sikioni kwamba nimeifuta barabara. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Tangu mama yako afariki sijacheka vile.

Wewe u mzima lakini?

Baba yako,
Mzee Brashi, bingwa wa mtaa


24 Februari

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo tena, hata kama umeshaitikia. Kikohozi kimepungua, kinakuja asubuhi tu. Kontena ni lile lile. Barua yako ya mwanzoni mwa mwezi imekuja na lori la chakula, inanuka vitunguu, nimeisoma nimekaa juu ya mnyororo wa tingatinga kwa sababu ndani joto ni la kuoka mkate. Nimecheka pale kwenye saini ya Kinyozi. Halafu sikucheka tena.

Ulitaka habari zenye nyama. Mimi ndiye mwanamke peke yangu hapa kambini, baba. Wenzangu si wabaya, ila nikiingia kula wanapunguza sauti, nami nakula haraka ili waendelee na soga zao. Mashine ndiyo ninayozungumza nayo. Naiambia "twende mama", inakwenda. Ndiyo maana barua zako nazisoma zaidi ya mara moja, hata zile unazonigombeza.

Sasa nisikilize, na naandika kwa herufi kubwa hapa ili usiruke: ALAMA USIIGUSE. Nakujua. Najua kidole kinakuwasha. Mimi naona mambo haya kutoka juu kwenye kiti. Ile alama si tusi. Watu wa kwanza wanapima na kuchora. Wa pili ni wa uthamini, wanafuata alama, palipo na alama wanaingia, wanaandika jina la mwenye nyumba ili alipwe. Wa mwisho ni mimi na tingatinga. Nikifika nikakuta jengo halina alama, kwangu ni kibanda kilichotelekezwa, nasukuma tu. Kwa hiyo alama ni yako, siyo yao.

Pingamizi lako liendeleze. Lifuatilie ofisini kila mara, usichoke, wakuzoee kama kiti cha pale. Labda watasogeza njia. Lakini ukuta uache ulivyo, hata kama rangi imechuruzika.

Wasalimie Mama Cherehani na Kinyozi. Mwambie aache kuiba kete.

Binti yako


30 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na hali bora kuliko hii ninayoiandika nayo. Mwili mzima, hauna neno. Moyo ndio umenilegea.

Barua yako imefika. Imefika mambo yameshaharibika, na yangu ya bingwa wa mtaa bila shaka nayo umeshaipata, ukashika kichwa. Zimepishana njiani. Nimeula wa chuya, mwanangu, na nimewalisha mtaa mzima.

Watu wa uthamini walikuja kama ulivyosema. Mtaa wa nyuma waliingia nyumba kwa nyumba. Kwetu walipita. Walisimama kidogo kwa Kinyozi, wakatazama makaratasi, wakatazama ukuta, mmoja akaupapasa kwa kiganja. Kazi yangu ilikuwa nzuri mno. Wakaenda zao. Sisi tukashangilia! Nakwambia tulishangilia kama watu waliofiwa na akili. Mama Cherehani alifunga kazi mchana tukanywa soda barazani kwangu, tukitazama migongo yao inavyoishia.

Kisha tangazo likabandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Barabara iko pale pale, haijasogea. Waliothaminiwa watalipwa. Sisi hatumo, tutavunjiwa kama wavamizi.

Siku ile niliona watu wamejaa nje ya nyumba yangu. Mwanzoni nilidhani wamekuja kwa soga, nikaanza kutoa viti. Halafu nikaona midomo inavyokwenda mbio na vidole vinaelekea kwangu. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kutosikia. Lakini Kinyozi hakutaka niponee hapo. Alisogea usoni kwangu akatamka polepole ili nisome midomo: "Ume-tu-malizaa." Akarudia, asije akawa hajaeleweka.

Tangu hapo ubao wa drafti hauji. Asubuhi naamka naangalia dirisha, dirisha tupu. Namwona Mama Cherehani kule kwake ameinamia mashine, hainui kichwa. Niliwafutia alama kwa mapenzi, mwanangu, haki ya Mungu, nilitaka tu tubaki pamoja. Sasa tuko pamoja na hakuna anayenigusa bega.

Nifanye nini?

Baba yako


19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Pole, tena pole sana. Mimi mzima, usiniwazie, wewe kula vizuri na usilale na mawazo. Ile barua yako ya bingwa niliipata. Nilikaa chini kweli, na kichwa nilikishika kweli.

Niliomba ruhusa nije. Msimamizi amekataa hadi kipande hiki kiishe, anasema hana dereva mwingine. Nilimjibu vibaya, akanijibu vibaya, tumenuniana. Kwa hiyo nakushauri kwa karatasi.

Rangi yao haijaenda popote, iko pale pale chini ya yako. Wewe uliyeizika ndiye utakayeifukua. Lakini kabla ya yote nenda ofisini kwao, mwambie mkubwa ukweli wote, usimzungushe, na usianze kwa kumkosoa rangi yake. Ramani wanazo, wanajua nyumba zipo. Wanachotaka ni alama ionekane ili watu wa uthamini warudi. Nimeshaona wakirudi kwa mambo kama hayo. Lakini wakirudi ni mara moja tu, hawaji tena.

Na nikuambie jambo moja sijamwambia mtu. Mwezi uliopita tulifika kwenye nyumba ya mama mmoja. Vitu vimeshatolewa, milango imeng'olewa, ameshalipwa, kila kitu halali. Nikakuta anafagia uwanja. Ule uwanja nitakaoupitia na tingatinga, anaufagia, pembe zote, anaokota hadi majani. Nikazima mashine. Msimamizi akanipungia niendelee, nikajifanya hamnazo. Nilingoja hadi alipomaliza akaegemeza ufagio, akaniangalia, akajitoa pembeni kama mtu anayempisha mgeni. Jioni ile sikugusa chakula. Nikawaza, huyu ana binti wapi?

Wafukulie alama zao, baba. Najua maana yake ni kwamba wataondoka. Wafukulie.

Binti yako anayekuwaza


28 Mei

Mwanangu,

Salamu, na naomba Mungu kikohozi kiwe kimekwisha kabisa. Patana na msimamizi wako. Mtu asiwe na adui mahali anapolala.

Nimefanya ulivyosema. Ofisini nilikuta kijana mstaarabu. Alipoona sisikii alichukua kalamu tukaandikiana kwa zamu kama wanafunzi. Nilimwambia kila kitu. Aliandika: "Mzee, kumbe ni wewe? Tulidhani tumekosea mtaa." Akaniambia nifukue, kundi litarudi mara moja tu.

Kuipaka rangi ni raha. Kuivua rangi yangu bila kuichubua ya mwingine chini yake, hiyo ndiyo adhabu. Msasa mwembamba, maji, kitambaa, kisu cha kukwangulia kwa ncha tu. Ukikosea kidogo unakula na nyekundu. Nilianza kwa Kinyozi. Alikuwa ndani, pazia lilicheza, hakutoka. Jua liliniwakia utosini, na katika mtaa huu ambao sijawahi kushika brashi bila kuletewa kikombe cha chai, sikuletewa hata maji. Sikuwalaumu. Kila alama iliyojitokeza nilijisikia kama mtu anayewafungasha majirani zake mizigo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa Mama Cherehani alama ilikuwa juu, imeingia nyuma ya bomba, nikapanda ngazi. Nikahisi ngazi imetulia ghafla. Natazama chini, yeye ameishika. Alitazama pembeni, lakini aliishika hadi nikamaliza. Nilikwangua polepole kuliko ilivyohitajika, nikiri tu.

Yangu sikuifukua. Nilisimama mbele yake na kisu, mkono ukakataa. Nikasema watu wangu nimewapa haki yao, pingamizi langu mimi naendelea nalo.

Kundi likarudi, wakawaandika wote. Walipofika kwangu, yule kijana wa ofisini, aliyefuatana nao, akanipa bahasha ya serikali. Kumbe pingamizi limesikilizwa. Uwanja wa taka haufai, ardhi yake laini, lakini njia wameisogeza kidogo upande wa ng'ambo. Nyumba yangu, kwa kuwa iko kwenye kona, imepona. Zilizobaki zote zinakwenda. Kijana alinishika mkono kwa furaha, akangoja nifurahi.

Nimeshinda, mwanangu. Mtaa mzima mimi peke yangu ndiye niliyeshinda.

Baba yako


6 Julai

Binti yangu,

U hali gani? Mimi nipo.

Wameanza kuondoka, na leo ninapoandika nadhani wamekwisha. Kinyozi alikuwa wa kwanza. Niliona kioo chake kikubwa kinapita dirishani kwangu, kimebebwa na watu, na ndani yake nikaiona nyumba yangu inapita. Hakuja kuaga. Mimi nilitoka nikasimama barazani ili ikiwa anataka anione. Alipanda lori akatazama mbele.

Mama Cherehani alikuja. Alinishika bega kwanza, kama zamani, kisha akanipigia kelele sikioni, na nina hakika mtaa wote uliobaki ulisikia kwaheri yetu. Alisema, "Mzee Brashi, ulitutia hasara kwa roho nzuri, na umeirekebisha, mimi sina kinyongo." Nikamuuliza anahamia wapi. Akasema kwa mwanawe, mbali, upande wa pili wa mji. Nikamwambia aje kunitembelea. Akasema atakuja. Tuliangaliana, tukajua wote wawili kwamba hatakuja, na vituo vyake, na magari ya kubadilisha, na miguu yake ile.

Sasa nakueleza kulivyo. Milango wameng'oa wenyewe, na mabati. Kuta zimesimama na alama zao nyekundu, zote safi, kazi yangu hiyo. Jana nilitembea mtaa mzima kuanzia kona hadi kule mwanzoni, na kurudi. Nikaingia kwa Mama Cherehani. Sakafuni kumebaki nyuzi za rangi rangi kwenye pembe. Nilikaa dirishani kwake nikatazama kwangu, ili nione alikuwa anaona nini asubuhi. Anaona dirisha na mzee. Basi.

Usihuzunike. Nakula.

Baba yako


27 Julai

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Niambie unakula nini, usiniambie "nakula". Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nikashindwa kupanda mashine, nikasema naumwa tumbo.

Nina jambo, na naomba ulisome hadi mwisho kabla hujakasirika. Kampuni yetu ndiyo iliyopata ile barabara ya kwenu. Msimamizi ameuliza nani anataka kuhamia huko. Wanataka dereva mmoja wa tingatinga aliyezoea kazi ya kubomoa, na jina langu ndilo la kwanza. Nikikubali, kambi yao iko karibu na kwetu kiasi kwamba sitahitaji kontena. Nitalala nyumbani. Nitakupikia, utanigombeza kwa chumvi, asubuhi nitakupungia dirishani.

Lakini kazi ya kwanza huko ni kuusafisha mtaa wetu. Mimi ndiye nitakayeangusha kwa Kinyozi. Mimi ndiye nitakayeangusha kwa Mama Cherehani, chumba kile kile alichonipimia sare yangu ya kwanza ya shule nikiwa nimesimama juu ya stuli. Na wewe utakuwa barazani unatazama, na aliyeko juu ya kiti ni mwanao. Uliipinga barabara hii kwa nguvu zako zote. Siwezi kuja kuipitisha mbele ya macho yako bila neno lako.

Nataka kuja, baba. Nimechoka kuzungumza na mashine. Lakini ukisema hapana, sitaguna. Msimamizi anataka jibu mwisho wa Agosti. Niandikie tu neno moja, njoo au usije.

Binti yako


30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba kimya chako si ugonjwa. Nimemuuliza dereva wa lori kila alipokuja. Anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Nimekuelewa. Ni haki yako. Ningekuwa mimi nimebaki peke yangu kwenye kona, nami nisingetaka kumwona mwanangu anashuka mtaa ule na tingatinga. Najua ungeandika "usije" ungeona umenifukuza, na kuandika "njoo" roho imekataa, ukaona bora unyamaze. Sina kinyongo, kweli kabisa.

Leo asubuhi nimemwambia msimamizi siendi. Amempa mwingine, ameshaondoka na gari la mchana, begi lake lilikuwa tayari limefungwa. Mimi nimesaini kuendelea huku mwaka mwingine, tunasogea mbali zaidi, anwani nitakuletea.

Nisamehe kwa kukuuliza jambo zito vile. Vaa kitu kizito jioni, upepo sasa unakupiga bila kuta za majirani.

Binti yako anayekupenda


7 Septemba

Binti yangu, Bi Mitambo wangu,

Njoo.

Hilo ndilo neno, nimelitanguliza hata kabla ya salamu ili usihangaike kulitafuta. Sasa nikusalimie. U mzima? Mimi mzima kabisa, tangu nimeamua nakula kama mpagazi.

Najua nimechelewa. Siku niliyopata barua yako ya Julai, ambayo ndiyo ya mwisho kunifikia, nilikasirika, nakuambia ukweli. Niliandika "usithubutu", nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Nilisema mwanangu mwenyewe, kwa Mama Cherehani! Nikanuna wiki nzima, na hakuna aliyejua nimenuna. Hilo ndilo lililonimaliza hasira. Mtu akinuna mahali pasipo na mtu anachoka haraka.

Halafu nikaona aibu. Niliona nitakuwa namvuta mtoto aache kazi zake kwa sababu mzee haamkiwi asubuhi. Nikasema subiri, labda nitazoea. Sikuzoea. Mimi ni mpweke, binti yangu. Haya, nimeliandika. Juzi nilikaa nikagundua sijafungua mdomo kuzungumza na mtu tangu nilipokwenda kununua mkate. Barabara ipite. Waiweke hata sebuleni. Nyumba niliipigania na nimeipata, na haina mtu wa kuniita baba humu ndani. Zile kuta angusha wewe. Nafikiri Mama Cherehani naye angependa ziangushwe na mtu anayemjua. Ukitaka kuzima mashine kwanza ulie kidogo, nitakuletea chai mpaka kwenye kiti chako, tutalia wote, halafu uendelee na kazi.

Chumba chako nimekipaka. Rangi sikuambii.

Mashine zimeshashushwa. Jana nilikwenda hadi langoni pa kambi yao nikamuuliza mlinzi dereva wa tingatinga anakuja lini, nikamwambia ni binti yangu. Akaniandikia kwenye kipande cha boksi kwamba dereva ameshafika, ni mwanaume. Nilicheka. Nikamwambia huyo ni wa kushikilia tu, wangu yuko njiani. Alinitazama, akanipa kiti nikapumzika. Kijana mzuri yule.

Kwa hiyo usihangaike kunijibu, barua itapishana nawe bure. Njoo tu. Hodi yako sitaisikia, hilo unalijua, lakini mashine ikipita sakafu inatetemeka hadi kwenye nyayo. Imeanza leo asubuhi, upande wa kwa Kinyozi. Kila ikitetemeka nainuka naenda dirishani.

Baba yako